Mgeni na Mwenyeji: Habari za Utoaji na Upatanisho

Mgeni mmoja kutoka ng'ambo alitujia huku kwetu Bukabwa, akakaa nasi siku tatu. Siku ya mwisho alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Alisema: "Wazee wangu, baba zetu waliwakosea watu wa nchi nyingi. Walitwaa ardhi zao, tena wakawanyima watoto lugha za mama zao. Sisi wana twataka kupatana nao. Je, tukitoa fedha, zitapatanisha? Na tumpe nani?" Mzee mmoja aliyekuwapo akamjibu, "Mwanangu, fedha si mbaya, ila fedha haina mdomo wa kusema pole." Watu wote walicheka, hata mgeni naye akacheka, lakini swali lilibaki kama lilivyokuwa.

Tangu siku hiyo tumelifikiri sana. Hapa twakusudia kulijibu, si kwa maoni matupu, bali kwa kutazama kwanza maneno tunayoyatumia, kisha desturi tuliyoiona kwa wazee wetu, kisha mambo yaliyotukia kweli katika Afrika ya Mashariki na kwingineko. Neno letu twaliweka wazi tangu mwanzo, ili msomaji alipime aendeleapo: utoaji hupatanisha pale tu ambapo kosa limetajwa, na kitu kilichotolewa kimewekwa mikononi mwa wenyeji wenyewe, wakitawale. Likikosekana moja katika hayo mawili, kilichotolewa ni msaada. Huenda ni msaada mwema, lakini si upatanisho.

I. MANENO YENYEWE

Neno "mwenyeji" ni maneno mawili yaliyoshikana, mwenye na mji. Basi mwenyeji si mtu aliyezaliwa mahali tu. Ni mwenye mji, yaani mwenye mlango, awezaye kusema "karibu" na awezaye kusema "hapana". Mithali husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu huitaja kuusifu ugeni, kwa kuwa mgeni huja na heri yake. Lakini tuutazame mpango wa maneno: mgeni haingii tu, huitwa, na aitaye ni mwenye mji. Mgeni asiyeitwa, hata akija na mzigo wa zawadi kichwani, ameingia nyumba ya watu.

Tena kuna maneno ya kutoa, nayo hayafanani. "Mfadhili" latokana na fadhila, nayo ni wema autendao mtu asiyewiwa kitu. Kwa hiyo mfadhili yu juu, naye afadhiliwaye yu chini, hana budi kushukuru. "Fidia" ni neno lingine kabisa. Hili nalo limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kile kilipwacho ili kukomboa au kufuta hasara. Alipaye fidia hangoji kushukuriwa, kwa kuwa analipa deni. "Sadaka" nayo ni ndugu ya "sadiki"; yote mawili yametoka shina moja la Kiarabu lenye maana ya ukweli. Mtu akitoa sadaka huku akificha kwa nini anatoa, ameliacha shina la neno lake.

Mwisho, "patana". Shina lake ni pata, na kiishio -ana ni kile kile cha pendana na saidiana. Hakuna mtu awezaye kupatana peke yake, kama vile hakuna awezaye kusaidiana peke yake. Basi asemaye, "Nimetoa, nimekwisha kupatana nao," amesema Kiswahili kibovu, na jambo lenyewe pia amelikosa.

II. DESTURI TULIYOIONA

Sisi tulikulia katika nchi ambayo mali ni ng'ombe. Tulipokuwa watoto tuliona wazee wakiamua ugomvi mara nyingi, wa mashamba, wa mifugo, hata wa damu. Hatudai kwamba hukumu zao zote zilikuwa njema, maana wanawake hawakusikilizwa kama walivyostahili, wala maskini. Hata hivyo mambo matatu yalikuwa yakishikwa sana.

La kwanza, aliyekosa alitakiwa alitaje kosa lake kwa kinywa chake, mbele ya watu. Hakuruhusiwa kusema, "Nimewaletea mnyama huyu kwa upendo tu." Wazee walimkatiza wakamwambia, "Sema ulilotenda." La pili, waliokosewa ndio waliosema kiasi na namna ya malipo, hata kama kiasi hicho kilipunguzwa baadaye kwa mazungumzo. La tatu, ng'ombe akiisha kutolewa, mtoaji hakuwa na neno tena juu yake. Wapokeaji waweza kumchinja, kumfuga, kumwoza kijana wao, au kumbadilisha kwa mbuzi. Si shauri la mtoaji. Mzee wetu mmoja alikuwa akisema kwamba atoaye ng'ombe huku ameshika ncha ya kamba, huyo hajatoa, ameazima.

Twaomba msomaji ayaweke mambo hayo matatu moyoni, maana tutayatumia kama mizani ya yale yafuatayo.

III. WAENDOROIS NA WAOGIEK

Waendorois ni wafugaji wa nchi iliyo kando ya ziwa Bogoria, katika Bonde la Ufa la Kenya. Tangu mwaka 1973 waliondoshwa huko ili nchi yao iwe hifadhi ya wanyama. Walieleza baadaye kwamba waliahidiwa mashamba mengine, kazi, na sehemu ya mapato ya watalii. Na kwamba kati ya jamaa 400 zilizopewa ahadi, ni 170 tu zilizopata fedha, shilingi 3,150 kila moja, tena mwaka 1986, yaani miaka 13 baada ya kuondoshwa. Tukiyapima hayo kwa mizani ya wazee, hayakupatanisha kitu. Kosa halikutajwa, kiasi hakikusemwa na waliokosewa, na aliyepokea alipokea kama mtu atupiwaye mfupa.

Waendorois walipeleka mashtaka yao kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, nchi ya Gambia. Mwaka 2010 uamuzi ulitangazwa. Tume ilitaka serikali iitambue nchi kuwa ni yao na kuwarudishia, iwaruhusu kulifikia ziwa lao kwa ibada na malisho, na kuwalipa fidia na sehemu ya mapato. Lakini lipo shauri moja katika uamuzi ule ambalo watu hulipita upesi, nasi twalihesabu kuwa kubwa: Tume ilitaka kamati ya Waendorois wenyewe, ambayo walikuwa wamelalamika kwamba imenyimwa kuandikishwa, iandikishwe. Kwa nini jambo la karatasi liwekwe pamoja na jambo la ardhi? Kwa sababu fidia haiwezi kulipwa kwa watu wasio na mlango. Ukiwanyima watu chama chao, fedha yao itapokewa na mwingine, naye atasema kwa niaba yao mpaka watakapofariki wote.

Habari ya Waogiek ni ndefu zaidi. Hao ni watu wa msitu wa Mau, wawindaji na warina asali wa tangu kale. Majirani zao Wamaasai waliwaita kwa neno lenye maana ya mafukara wasio na ng'ombe, na kutoka neno hilo wakoloni wakapata jina la Wadorobo. Angalia nguvu ya jina: mtu akiisha kuitwa fukara, ni rahisi kuamini kwamba hana kitu cha kunyang'anywa. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyofanya kazi tangu mwaka 1932 chini ya Jaji Carter, ilishauri watu hao wahamishiwe katika nchi za makabila mengine waliyokaribiana nayo. Walihesabiwa kuwa wageni katika msitu uliowazaa.

Oktoba 2009 Waogiek walipewa siku 30 watoke msituni. Mwezi uliofuata vyama viwili, kimoja cha Nairobi na kimoja cha London kiitwacho Minority Rights Group, vilipeleka mashtaka Banjul kwa ajili yao. Na chama cha Waogiek wenyewe, OPDP, chenye makao yake Nakuru, kilikuwa pamoja nao katika safari hiyo. Shauri likafikishwa Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha mwaka 2012. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama iliamua kwamba Waogiek ni wenyeji wa asili wa Mau na kwamba haki zao zilivunjwa. Serikali ilikuwa imesema kwamba watu hao wanauharibu msitu. Mahakama haikuona ushahidi wa kutosha kwamba wao ndio sababu kubwa ya uharibifu huo.

Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ilitoa hukumu ya fidia: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali, na 100,000,000 kwa maumivu ya watu, ardhi ipimwe na kupewa hati ya pamoja, na uundwe mfuko wa maendeleo ya Waogiek ambamo fedha zote zitawekwa, ukisimamiwa na kamati yenye wajumbe waliochaguliwa na Waogiek wenyewe. Hapo, kwa mara nyingine, fedha na mlango vimekwenda pamoja. Lakini ombi la toba ya hadharani Mahakama haikulikubali, ikisema kwamba hukumu yenyewe yatosha. Nasi, pamoja na heshima tuliyo nayo kwa majaji, twaona kwamba wazee wetu wangelikataa neno hilo, kwa maana hukumu husemwa na mwamuzi, bali toba husemwa na aliyekosa. Novemba 2023 watu wa Sasimwani, upande wa Narok, waliondoshwa tena, nyumba zao zikabomolewa. Hukumu ilikuwapo, kiasi kilikuwapo, lakini moyo wa kupatana haukuwapo.

Tumewataja watoaji wa London kwa makusudi. Chama kile kilileta mawakili na fedha za kesi, vitu ambavyo watu wa msituni hawakuwa navyo, lakini nchi iliyodaiwa ilikuwa ya Waogiek, na waliosimama kutoa ushahidi ni wao. Huo ni mfano wa mgeni aliyejua mahali pake pa kukaa.

IV. HUKU TANZANIA

Sisi wa Mara tusiyasome haya kama habari za mbali. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 Wamaasai waliokaa ndani yake walihamishiwa Ngorongoro. Na upande wetu wa magharibi, Waikoma, Wanata na Waishenyi walipoteza mawindo yao na mahali walipokaa babu zao. Baadaye yalikuja madarasa na visima kutoka fedha za watalii na wahisani. Madarasa ni mema, na maji ni mema zaidi. Hatuwezi kuwacheka waliochimba. Ila twauliza kama wazee: je, kosa lilitajwa? Je, wenye kukosewa waliulizwa wataka nini? Au mtoaji alikuja na kisima chake tayari kichwani, akapiga picha, akarudi?

Katika kijiji kimoja tusichokitaja tuliona pampu iliyoletwa kwa furaha kubwa. Funguo zake ziliwekwa katika ofisi iliyo mbali, na vipuri vyake havikupatikana dukani Musoma. Ilipoharibika, wanawake walirudi mtoni. Tulipowauliza kwa nini hawakuitengeneza, walijibu, "Si yetu." Hawakusema kwa uvivu. Walisema kweli, kwa maana hawakuwa wameambiwa kamwe kwamba ni yao.

Mfano mwema upo, nao hauko mbali. Katika bonde la Yaeda, mkoa wa Manyara, Wahadzabe walipata mwaka 2011 hati ya kimila ya kumiliki kwa pamoja zaidi ya hekta 20,000 za nchi yao. Waliosaidiwa kupata hati hiyo walisaidiwa na UCRT, chama kinachoongozwa na watu wa kaskazini wenyewe, na gharama zake nyingi zilitoka kwa watoaji wa ng'ambo. Edward Loure, Mmaasai wa Simanjiro aliyekiongoza chama hicho, alipewa tuzo ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi ya hati za namna hiyo. Hapa watoaji hawakununua kisima wala kujenga jengo lenye jina lao. Walilipa mafuta ya gari, karatasi za ramani, na siku nyingi za mabaraza chini ya mti. Ni vitu visivyopigwa picha, lakini vimewafanya watu kuwa wenye mji tena.

V. TOBA BILA FEDHA, NA FEDHA BILA MWENYEJI

Tuitazame sasa mizani kwa mataifa makubwa. Mau Mau ilipigwa marufuku na wakoloni mwaka 1950, na marufuku hiyo ilidumu katika sheria, hata baada ya uhuru, mpaka mwaka 2003. Miaka yote hiyo wazee wa vita hawakuweza kuwa na chama chao kwa jina lao. Walipopata chama, ndipo kesi ikawezekana: mwaka 2009 wazee watano walifungua mashtaka London. Tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague alisimama bungeni kwao akasema kwamba serikali yake inasikitika kwa mateso yaliyotendwa. Zikatolewa paundi milioni 19.9 kwa watu 5,228, gharama za kesi zikiwamo, na ukumbusho ukajengwa Nairobi, ukafunguliwa mwaka 2015. Hatusemi kwamba kiasi kilitosha. Twasema kwamba kosa lilitajwa, waliokosewa walikuwapo, na kitu kikatolewa. Kwa hiyo jambo lile lina sura ya upatanisho.

Huko Songea, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi kwa mauaji ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907. Aliketi na wazao wa Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Kosa lilitajwa, na kwa kinywa cha mkubwa. Malipo bado ni maneno ya wakati ujao. Namibia ilikuwa kinyume chake. Mwaka 2021 Ujerumani iliahidi euro bilioni 1.1 kwa muda wa miaka 30, lakini viongozi wengi wa Waherero na Wanama walikataa, wakisema kwamba hawakuketishwa mezani kama wenye shauri. Fedha zilikuwa nyingi kuliko za Songea na Nairobi zikijumlishwa, walakini hazikutuliza moyo. Serikali mbili zilikuwa zimezungumza juu ya msiba, na wafiwa wamesimama nje.

VI. HABARI YA SHULE

Sasa twafika mahali panapotuuma sisi wenyewe. Mgeni wetu alitaja lugha zilizonyimwa watoto. Huko Kanada watoto wenyeji zaidi ya 150,000 walipelekwa katika shule za bweni zilizoendeshwa na makanisa kwa fedha za serikali, na wengi walipigwa kwa kusema lugha zao. Serikali iliomba radhi mwaka 2008, na Tume ya Ukweli na Upatanisho ilimaliza kazi yake mwaka 2015, ikitoa miito 94.

Katika maafikiano ya mwaka 2006 vyombo vya Kanisa Katoliki viliahidi kujitahidi kuchanga dola milioni 25 za Kanada. Kilichopatikana katika mchango huo hakikufika hata milioni 4, na mwaka 2015 mahakama iliwafungua kutoka ahadi ile. Mwaka 2021 maaskofu waliahidi tena, mara hii dola milioni 30 kwa miaka mitano, na mfuko wake ukawekwa chini ya wakurugenzi ambao ni wenyeji wa asili wenyewe. Mwaka 2022 Papa Francis alikwenda Maskwacis akaomba radhi. Msomaji ataona jinsi watu walivyojifunza kwa aibu: mara ya kwanza kamba ilibaki mkononi mwa mtoaji, mara ya pili iliachwa.

Twayaandika haya kwa sababu sisi pia ni wana wa shule za misheni. Katika shule moja tuliyosoma, mtoto aliyesikiwa akisema Kikabwa alivikwa kibao shingoni, akakivaa mpaka amsikie mwenzake na kumvika yeye. Tulijifunza kupelelezana kabla ya kujifunza kuhesabu vizuri. Hata neno tulilofundishwa lilikuwa la kudharau. Hatukuambiwa "lugha yenu", tuliambiwa "kilugha", kana kwamba ki- ile ya udogo ndiyo kipimo chake. Na kosa letu si dogo: tulipokuwa walimu tulikitundika kibao kile kile katika shingo za watoto wa watu. Hatukulazimishwa. Tulidhani ndiyo elimu. Leo wako watu wazima katika kata yetu ambao wakizungumza na mama zao hukwama katikati ya sentensi, na baadhi yao ni wanafunzi wetu.

Basi swali la mgeni lilikuwa letu pia: sisi nasi twawiwa.

VII. MAJIBU KWA WENYE MASHAKA

Yuko atakayesema: vyama vya wenyeji haviaminiki, fedha zitaliwa. Hatukatai kwamba huliwa. Tumeona mweka hazina wa kijiji akijenga nyumba ya bati katika mwaka wa ukame. Lakini tumeona pia fedha zikiliwa njiani, na walaji hao huitwa kwa majina ya heshima: safari, semina, usimamizi. Katika mkutano wa Glasgow wa mwaka 2021 serikali tano na wahisani 17 waliahidi dola bilioni 1.7 kwa ajili ya wenyeji wa asili na jamii za misituni. Taarifa yao wenyewe ilionyesha kwamba katika fedha zilizotolewa mwaka ule, asilimia 7 tu ndizo zilizofika moja kwa moja kwa vyama vya watu hao, na mwaka 2022 asilimia 2.1. Zilizobaki zilipita mikono mingine kwanza. Hatusemi kwamba mikono hiyo yote ni michafu. Twasema tu kwamba maji yakipita mifereji mingi, hufika machache.

Tena, mwizi wa kijijini anajulikana. Mama zake na shangazi zake wanajua bati limetoka wapi, na baraza laweza kumwita. Mwizi wa mbali hana baraza. Kwa hiyo dawa ya wizi haiko katika kuwanyima watu mfuko wao. Mfuko uwe wao kweli, hesabu isomwe hadharani, kwa lugha ambayo wazee na wanawake waielewa, na mtoaji naye aisikie akiwa ameketi pamoja nao.

Mwingine atasema: kosa ni la baba zetu, si letu. Twamjibu kwamba mwana akirithi shamba hurithi na deni la shamba. Wala hatumwambii alie maisha yake yote. Twamwambia alipe kama mwungwana, kisha aketi ale na wenzake.

VIII. JIBU LETU KWA MGENI

Tulimwandikia mgeni wetu hivi: Utaje kwanza mlilotenda, kwa maneno yasiyozunguka. Uulize kama watu hao wana chama chao wenyewe. Wakiwa nacho, mpe huyo, hata kama karatasi zake si nzuri kama za mji mkuu. Wasipokuwa nacho, uwalipie gharama za kukutana mpaka wawe nacho. Toa kwa miaka mingi kidogo kidogo kuliko mara moja kwa kishindo, maana chama hakikui kwa mwaka mmoja. Usidai jina lako liandikwe ukutani. Na ukisha kutoa, iachie kamba.

Nasi tulijaribu kuitii barua yetu. Katika karne hii ya 21 watu wa ofisi ya kutafsiri lugha za Mara, iliyoko Musoma, wamezipatia lugha kadhaa za mkoa huu namna ya kuandikwa, na Kikabwa ni mojawapo. Kwa ajili hiyo wazee na kina mama wachache wa kwetu walikuwa wakikutana kukusanya maneno yanayopotea: ya mifugo, ya maradhi, ya undugu, ya mvua. Tuliwaendea. Tulitaja mbele yao habari ya kibao, wala hatukusema kwamba tuliagizwa. Kisha tukatoa sehemu ya mshahara wetu kwa madaftari, mafuta ya taa na chai. Tulipomaliza tuliketi mbele, kama ilivyo desturi ya walimu, tukashika kalamu, tukaanza kupanga kazi. Bibi mmoja akatuambia kwa upole, "Mwalimu, ahsante kwa chai. Sasa sogea kule nyuma. Leo wewe ni mwanafunzi."

Tukasogea. Jioni ile tuliandika maneno 40 tusiyoyajua, na mengine kati yao, tulipoyasikia, tulikumbuka kwamba tulikuwa tukiyajua zamani.

Twawaomba wasomaji wa Mara na kwingine watuletee, kila mtu kwa lugha ya kwao, maneno haya matatu pamoja na maelezo ya matumizi yake: neno la mwenyeji, neno la kupatana, na neno la kitu kinachotolewa na aliyekosa. Wajita, Wazanaki, Wakuria, Waikizu, Wangoreme, Wakwaya na Wajaluo, wote wanayo. Na atakayeyaandika awaulize kwanza wazee wa kwake, tena waume kwa wake, wala asiandike kwa kukisia.